Swali la Tisa

Nje, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Ndani, kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali
kinafuka mvuke kama sufuria isiyofunikwa.
Saa tano usiku wakazima mashine mbili kati ya sita
(hawakuzima hata siku tuliyomzika Olena)
wakatuita mmoja mmoja kwenye chumba cha chai
tukapimwe kama tumesononeka.

Nesi ni Bi Kowalchuk. Ana soksi za sufu na sauti ya pole.
Amesema ni siri.
Juu ya fomu, pembeni kulia, ipo namba yangu ya kazi.

Yangu niliimaliza kwa dakika mbili.
Hapana. Hapana. Hapana. Hapana.
Alama zikanyooka kama nguo kambani.
Akatabasamu: Unajua Kiswahili, siyo?
Kaa na Mzee Kashindi, umtafsirie.

Swali la kwanza. Natafuta neno, silipati,
naokota lililo karibu:
Mzee, wiki hizi mbili, furaha imekuwa mbali nawe?

Akashtuka. "Nani amekuambia habari za Furaha?
Eko Nyarugusu, kambini, huu mwaka wa sita.
Faili inasema si mtoto wangu.
Mimi ndiye niliyemkata kitovu, barabarani."

Anasemaje? anauliza nesi, kalamu tayari.
Anasema ndiyo.
Siku kadhaa, au karibu kila siku?
Natazama visanduku vinne. Hakuna kinachotosha
hata punje ya mchele.
Miaka sita nitaipenyeza wapi?

Usingizi?
"Usingizi upo. Unanikuta asubuhi kwenye basi,
unakaa nami mpaka kituo cha mwisho, tunashuka pamoja.
Nikifika kitandani, umeshaenda zake."
Chakula?
"Nakula. Nani kasema sili? Nakula kama mtu anayejaza fomu."
Uchovu?
Hapo tukacheka, cheko la kweli,
hata nesi akacheka bila kujua, kisha akaandika kitu.

Lile la kujiona umewaangusha watu wako
nililitafsiri moja kwa moja, bila kujikwaa,
nikashangaa maneno hayo nimeyazoea tangu lini.

Halafu la tisa.
Langu mwenyewe nililipita nimekodoa macho ukutani,
kwenye tangazo la mnada wa keki.
Kwetu jambo hili hulitamki mbele ya mtu mzima; ni uchuro.
Basi nikalizungusha: Mzee, hujawahi kuona kwamba...
yaani, pengine ingekuwa nafuu... usiku, labda...

"Sema, binti yangu.
Nafua damu za watu usiku kucha,
neno halitanichafua."

Nikalisema.
Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Akaweka kiganja juu ya karatasi
kama anayeipima homa.
"Siku kadhaa," akasema.
Kisha: "Mwambie polepole."

Nilimwambia. Sikupunguza.
Bi Kowalchuk akaiweka kalamu chini, akahamisha kiti
upande wetu wa meza, akakaa kimya kidogo.
Alhamisi, saa nne asubuhi, kuna daktari wa kumsikiliza,
na mkalimani kwenye simu, mtu wa Ottawa asiyemjua.
"Hizo saa nitakatwa?"
Nikatafsiri.
Nesi hakuwa na jibu. Akatoka kwenda kuuliza.

Tukarudi kwenye meza ya kukunjia.
Shuka kubwa ni la watu wawili:
shika pembe zako, nashika zangu, tunavuta,
tunakaribiana, pembe zinakutana vidoleni,
yeye anapokea, mimi nainama kufuata upindo.
Shuka la tatu, au la nne, tulipokaribiana,
akauliza bila kuinua macho:
"Na wewe, lile la tisa, uliandika nini?"

Shuka lilikuwa bado la moto.
Nilikuwa nimeshika pembe.
Sikuiachia.